Mtoto Ana Usonji: Uanze na Msaada Upi, Upi Usubiri?

Familia ikishaambiwa kuwa mtoto ana usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa namna anavyowasiliana na kuhusiana na watu), ushauri humiminika kutoka kila upande. Huyu anasema mpeleke kituo cha tiba, yule anasema tafuta shule maalumu, ndugu mwingine ana dawa aliyoisikia kwa rafiki, na simu imeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye jumbe nyingi kuliko mtu anavyoweza kusoma. Wote wanasema kwa nia njema. Muda, nguvu na fedha za nyumba hiyo, hata hivyo, ni vile vile vya jana.

Nimeweka hapa misaada inayopatikana kwenye jamii sambamba, miwili miwili, ili mzazi aone kipi kinampa nini. Msimamo wangu niuseme mapema: anayeweza kushika mambo mawili tu katika mwaka wa kwanza, ashike mafunzo ya mlezi na kikundi cha wazazi wanaoonana ana kwa ana. Mengine yana nafasi yake, ila huzaa zaidi hayo mawili yakiwa yamekwisha kuanza.

Kuna mambo ambayo hayamo kwenye uchaguzi huu. Mtoto asiyeitika akiitwa apimwe masikio kwanza, kwa sababu kutosikia vizuri hufanana na usonji na pia huweza kuwepo pamoja nao. Anayepata degedege, anayekodoa macho akawa kama hayupo, au aliyekuwa na maneno kisha yakapotea, aonwe na daktari bila kusubiri. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Na dodoso la M-CHAT-R, analojibu mzazi, lenye maswali 20 kwa ajili ya watoto wa miezi 16 hadi 30, kazi yake ni kuchuja. Linaeleza kwamba mtoto aangaliwe zaidi. Kuthibitisha usonji ni kazi ya mtaalamu aliyekaa na mtoto.

Kituo cha tiba au mafunzo ya mlezi?

Kituo ndicho wengi hukifikiria kwanza. Kina mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayesaidia shughuli za kila siku kama kula na kuvaa), pengine na watu wa tiba ya tabia, ile inayofupishwa ABA, ambayo humfundisha mtoto hatua kwa hatua na kumtuza anapofanikiwa. Uzuri wake hauna ubishi. Mtu aliyesomea anamwona mtoto, anajua kumtofautisha anayekataa chakula kwa sababu harufu inamzidi na yule asiyeweza kutafuna, kisha anaandika ripoti itakayodaiwa shuleni au ofisi ya ustawi wa jamii. Shida zake nazo ni foleni, gharama na safari, na kwamba mtoto hukaa na mtaalamu saa chache tu, halafu wiki nzima iliyobaki yuko nyumbani.

Hapo ndipo mzazi huambiwa aongeze saa. Idadi inayotajwa sana ni saa 40 kwa wiki, na inafaa kujua ilikotoka. Mwaka 1987 Ivar Lovaas, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha utafiti wa watoto 19 waliofundishwa kwa mbinu za tabia kwa saa 40 au zaidi kila wiki. Aliripoti kwamba 9 kati yao walifikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Habari hiyo iliwapa wazazi matumaini makubwa na mpaka leo inauza huduma. Kinachosemwa kwa nadra ni kwamba watoto hawakupangwa katika makundi kwa kura, hivyo ni vigumu kujua kama tofauti ilitokana na mafunzo, na kwamba kupigwa kofi la pajani kulikuwa sehemu ya mbinu zile. Mwaka 2024 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti zaidi ya mia moja za watoto wadogo wenye usonji. Haukupata ushahidi thabiti kwamba saa nyingi zaidi huleta mafanikio makubwa zaidi. Mzazi anayekosa usingizi kwa sababu anamudu saa mbili tu kwa wiki ana haki ya kulala.

Mafunzo ya mlezi yanakwenda kwa njia nyingine. Anayefundishwa ni mzazi, bibi au dada anayeshinda na mtoto. Shirika la Afya Duniani lina programu ya aina hii kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa au wenye ulemavu wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Anayeviongoza si lazima awe bingwa. Mhudumu wa afya, mwalimu au mzazi aliyepewa mafunzo anatosha, na tangu 2022 ipo njia ya kujifunza kwa intaneti bila malipo. Yanayofundishwa yanaonekana madogo: kuinama mpaka kimo cha mtoto, kuangalia anachoangalia, kupeana zamu, kusubiri sekunde kadhaa kabla ya kumjibia, kugeuza kuoga na kuvaa viwe wakati wa kuwasiliana, kutambua kinachotangulia kilio. Kuna pia kikao kinachohusu hali ya mlezi mwenyewe, na hicho wengi huingia wakidhani hakiwahusu.

Ushahidi unaonishawishi zaidi upande huu ulitoka Uingereza. Kundi la watafiti wakiongozwa na Jonathan Green liliwafuatilia watoto 152, na matokeo yakatoka kwenye jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2010. Mzazi alirekodiwa akicheza na mwanawe, kisha akakaa na mtaalamu wakaitazama video pamoja: hapa mtoto alikutafuta, wewe ukawa unaongea, hapa ulinyamaza, akageuka. Mafanikio ya mwanzo yalikuwa madogo na wengine waliyapuuza. Wakarudi kwa familia zile zile miaka kama sita baadaye, na ripoti ya 2016 ikaonyesha kwamba watoto wa kundi lililopata mafunzo walikuwa na dalili nyepesi kuliko wenzao wasioyapata. Usonji haukuondoka, wala haikuwa shabaha. Kilichobaki ni mzazi aliyejua kumsoma mtoto wake.

Kituo kinashinda waziwazi mahali patatu: mtoto ana shida ya kumeza, mtoto anajiumiza, au mtoto hazungumzi na anahitaji picha au kifaa cha kuwasiliana. Juu ya hilo la mwisho, wapo wanaohofia kwamba picha zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Tafiti hazionyeshi hivyo. Watoto wengine huanza kutamka zaidi wakishapata njia ya kueleweka. Jihadhari tu na mbinu ambayo mtu mzima anamshika mtoto mkono na kuuongoza kwenye herufi. Majaribio yamefanywa, na maneno yanayotoka huwa ni ya yule aliyeshika mkono.

Ukitembelea kituo, omba kukaa ndani ya chumba kipindi kikiendelea, na uliza mtoto anafanywa nini anapokataa zoezi. Mahali ambapo mzazi lazima abaki nje ya mlango kila siku, mimi nisingempeleka mtoto.

Kikundi cha kukutana au kundi la simu?

Kundi la simu lina sifa moja ambayo hakuna kingine kinayo: saa tisa usiku, mtoto hajalala na wewe hujui la kufanya, kuna mtu macho. Kwa familia iliyo mbali na mji, au ambayo mtoto wake hawezi kukaa mahali penye watu, pengine ndiyo jamii pekee iliyopo. Mtu anaweza kuuliza asichothubutu kuuliza mbele ya shemeji zake. Ni kitu cha thamani, nami sikidharau.

Lakini huko ndiko uongo unakopita kwa kasi. Dai la chanjo kuleta usonji, lililotokana na makala ya Andrew Wakefield ya 1998, bado linasambazwa ingawa The Lancet iliifuta makala hiyo mwaka 2010 na mwandishi akaondolewa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza. Kuna wanaouza klorini dioksaidi, kemikali ya kung'arishia, wakiita dawa ya matone. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya zaidi ya mara moja kwamba kuinywa ni hatari. Kuna dawa za kutoa metali mwilini, na mwaka 2005 mtoto wa miaka 5 alifariki Marekani baada ya kuchomwa moja ya hizo kwa ajili ya usonji. Mzazi aliyechoka na kukata tamaa ndiye mteja wanayemtafuta. Kundi likiwa na mtu anayesema njoo inboksi nikuelekeze, na msimamizi hamwondoi, toka.

Faragha nayo ni jambo. Wazazi hutuma video ya mtoto akiwa amezidiwa, analia sakafuni, labda nusu uchi, wakiomba ushauri. Video ikishaondoka kwenye simu yako hakuna wa kuirudisha, na mtoto huyo atakuwa kijana. Andika kwa maneno kilichotokea. Mshauri mwenye akili atakuelewa.

Kikundi cha kukutana kina polepole yake. Kinakaa mara moja kwa mwezi, nusu ya wanachama wanachelewa, na mara nyingine maneno ya ndani yanavuja nje. Akina baba hawaonekani, au wanakuja kuwashusha akina mama na kuondoka. Pamoja na hayo, kinatoa kitu ambacho simu haitoi: unamwona mtoto wa mwenzako. Unaona kijana wa miaka kumi na saba asiyezungumza akijimiminia chai, na hofu yako ya miaka ijayo inapata sura ya kweli mahali pa ile uliyoitunga kichwani. Kikundi hicho pia kinajua mambo ya pale mlipo, yasiyoandikwa popote: mwalimu yupi ana subira, fomu ya ustawi wa jamii inaanzia dirisha gani, daktari gani wa meno atakubali mtoto aje kwanza siku moja akiangalie tu kiti.

Tena kikundi hukua kikawa nguvu. Mwaka 1962 wazazi wachache wa Uingereza walikusanyika na kuanzisha chama ambacho leo kinaitwa National Autistic Society. Mmoja wao alikuwa Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili na mama wa msichana mwenye usonji. Miaka mitatu baadaye walikuwa wamefungua shule. Mwaka 1965, huko Marekani, mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha kwanza cha kitaifa. Hizo zilikuwa zama ambapo madaktari walimlaumu mama, wakisema ubaridi wake ndio uliomfunga mtoto. Lawama ile ilivunjwa kwa sehemu kubwa na wazazi waliokataa kukaa peke yao. Anayedhani kikao cha wazazi ni cha kulia tu hajui historia hii.

Ukiweza, uwe navyo vyote viwili, ila maamuzi ya dawa na fedha uyapeleke kwenye kile unachokutana nacho uso kwa uso. Kabla ya kujiunga, tazama iwapo wamo wazazi wa watoto wakubwa. Kikundi cha wazazi wapya pekee kina huruma nyingi na majibu machache.

Wazazi wenzako au watu wazima wenye usonji?

Chanzo cha pili, yaani watu wazima wenye usonji, wazazi wengi hawakifikirii kabisa, na wengine wakikisikia wanakasirika. Mwaka 1993, mbele ya wazazi waliokuwa kwenye mkutano mjini Toronto, Jim Sinclair, mtu mwenye usonji, aliwaambia kwamba wanachoomboleza ni mtoto waliyemtarajia, na kwamba yule aliyepo anawahitaji bila maombolezo hayo. Ilikuwa kauli ngumu kumeza. Ndiyo iliyofungua mlango kwa kizazi cha watu wenye usonji wanaojisemea.

Wanachokupa hakipatikani kwa mzazi mwenzako wala kwa mtaalamu: maelezo ya kutoka ndani. Kwa nini lebo ya shati inaweza kuharibu asubuhi nzima. Kwa nini mtoto anayepunga mikono asizuiwe, maana huko ndiko anakojituliza. Kwa nini kulazimishwa kumtazama mtu machoni kunamfanya asisikie anachoambiwa. Mzazi aliyesikiliza haya huacha kupigana vita visivyo na faida, na nyumba hupata nafuu wiki hiyo hiyo.

Wazazi hujibu: wewe unaongea kwenye mikutano, mwanangu hajui kwenda chooni. Malalamiko hayo ni ya haki, kwa kuwa usonji ni mpana na uzito wa malezi hutofautiana sana. Lakini wapo pia wasiozungumza wanaoandika kwa kifaa chao wenyewe, bila mtu kuwashika mkono, na hao wanasema mengi yanayofanana na wenzao wanaozungumza. Kwa habari za fomu, shule na uchovu, mwulize mzazi. Kwa habari ya nini kinamuumiza mtoto wako ambacho wewe hukioni, muulize mtu mzima mwenye usonji.

Darasa maalumu au shule jumuishi?

Kwa upande wa haki, mwelekeo wa dunia unajulikana: Tamko la Salamanca la 1994 kuhusu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, kisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao ibara yake ya 24 inadai elimu jumuishi. Mtoto kusoma na wenzake wa mtaani ni haki, na humfanya ajulikane na watu atakaoishi nao. Shida huanza pale ujumuishi unapokuwa wa jina: mtoto yuko kwenye dawati la nyuma, kelele zinamzidi, mwalimu mmoja ana darasa zima, na mapumziko ndiyo saa ya kudhihakiwa.

Darasa maalumu lina utulivu na watu wazima wengi kwa watoto wachache. Mara nyingi hufuata mpangilio unaotokana na TEACCH, njia iliyojengwa na Eric Schopler na wenzake huko North Carolina, Marekani, tangu 1972: ratiba za picha, sehemu za kazi zilizotengwa, mtoto anajua kinachofuata. Hatari yake ni mtoto kukaa humo miaka akirudia yale yale kwa kuwa hakuna anayetarajia zaidi.

Usiamue kwa kibao cha getini. Nenda siku ya kawaida wakati wa mapumziko, kwa sababu darasani kila mwalimu hujitahidi mgeni akiwepo. Uliza mtoto akizidiwa anakwenda wapi, na nani anamsindikiza chooni. Ratiba ya picha, kwa bahati nzuri, inabandikwa ukutani popote, hata kwenye shule ya kawaida yenye mwalimu mmoja aliye tayari. Nikipewa mwalimu anayetaka kujifunza kwenye shule ya kawaida, na mwalimu aliyechoka kwenye shule maalumu, namchukua wa kwanza.

Majirani au mlezi wa kupokezana?

Misaada hii miwili haina ofisi, ndiyo maana haitajwi kwenye orodha nyingi. Inatatua matatizo tofauti kabisa.

Majirani ni ulinzi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 kwenye jarida la Pediatrics ulikuta kwamba asilimia 49 ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4. Magari na maji ndiyo hatari kubwa, na watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji. Familia inayoficha hali ya mtoto kwa kuogopa maneno inajinyima macho ya mtaa mzima. Si lazima ueleze mengi. Nyumba kadhaa za karibu zijue jina lake, zijue kwamba huenda asiitike, zijue asishikwe kwa nguvu, na zipewe namba ya simu. Akipotea, maji yaliyo karibu yaangaliwe kwanza, kabla ya mahali pengine popote.

Mlezi wa kupokezana, anayekaa na mtoto kwa muda ili mzazi apumzike, ni pumzi. Serikali chache hutoa huduma hiyo, na foleni yake mara nyingi ni ndefu. Mbadala unaofanya kazi ni familia mbili za kikundi kimoja kupeana zamu: Jumamosi hii watoto wote kwako, ijayo kwangu. Faida yake ni kwamba hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini mlango una komeo la juu. Haifai ikiwa mtoto mmoja hupiga na mwingine huogopa kelele, na hilo mliseme wazi kabla ya kuanza, bila haya.

Anzeni kidogo. Mara ya kwanza mzazi abaki chumba cha pili kwa nusu saa. Mara ya pili atoke nje akiwa na simu. Mwenyeji apewe karatasi moja: anachokula, kinachomtuliza, ishara anazotoa akitaka choo, dawa zake na saa zake. Ikishindikana, badilisheni saa kabla ya kubadilisha familia, kwa kuwa mtoto aliyeletwa na njaa au usingizi hawezi kuzoea nyumba ngeni, na jaribio lile lile likifanywa asubuhi huenda likapita bila shida.